Saa yenye hesabu yake imefichwa

Tarehe 24 mwezi wa 4 wa 2016, saa ya mukono ya Apple ilimaliza mwaka moja ku soko. Siku mbili kisha, kompani yenyewe ilisoma hesabu zake za miezi 3 mbele ya dunia nzima, na mu ile karatasi hakuna mustari hata moja wenye kusema wameuzisha saa ngapi. Telefone walizitaja: milioni 51,2. Tablete walizitaja, ordinatere walizitaja. Saa, kimya. Na mu ule mwaka moja bei yake ilishuka, kwanza ku magazini za watu wengine, kisha ku magazini ya Apple mwenyewe.

Basi watu wamegawanyika. Kuko wenye kusema saa imeanguka, njo maana wanaificha na wanakata bei. Kuko wenye kusema imefaulu kupita vyote, na wenye kuisema mubaya ni wenye wivu. Vijana wetu ku Kolwezi na Likasi wanabishana juu yake sawa vile wanabishana juu ya Mazembe na Vita Club, na hakuna hata moja kati yao mwenye kuivaa.

Mutu atauliza: juu ya nini ukurasa wa wachimbaji unapoteza wino juu ya saa yenye bei yake, hata ile ya chini, inapita mushahara wa mwezi wa wengi kati yetu? Sababu ya kwanza iko mu betri: mule ndani kuko kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wetu. Sababu ya pili njo yenye inanisukuma kuandika. Kompani yenye kuficha hesabu, kisha kukuambia "kazi inaenda muzuri" ao "kazi inaenda mubaya" kufuatana na siku, sisi tunaijua. Tunaketi nayo ku meza kila mara wakati wa kuzungumuza mushahara. Ile saa inatupatia nafasi ya kujifunza kusoma hesabu ya patron pasipo patron kuifungua, na kujifunza juu ya kitu cha wengine haiumize kichwa sana.

Tuanze na kimya chenyewe. Watu wengi wanazani Apple ilinyamaza kisha kuona saa haiuziki. Haiko vile. Tim Cook alisema mu mwezi wa 10 wa 2014, miezi 6 mbele ya saa kuingia ku soko, kwamba hawatatoa hesabu ya saa, kwa sababu wenye kushindana nao wanaitafuta. Saa itawekwa mu mustari wenye walikuwa wanaita "vitu vingine", pamoja na iPod, Apple TV, vyombo vya muziki vya Beats, na vitu vidogo-vidogo vya kupamba telefone. Kwa hiyo kimya peke yake hakiwezi kuwa ushahidi kwamba saa imeanguka. Mutu mwenye alifunga mulango mbele ya kupika, huwezi kusema alifunga juu chakula kimeungua.

Lakini hatuwezi pia kusahau kinywa cha ile kompani kinafunguka namna gani siku ya furaha. Mwezi wa 9 wa 2015, telefone mupya ilipotoka, walitangaza upesi: milioni 13 mu siku 3. Hawakuogopa wenye kushindana nao. Kama saa ingefanya vile, nani anaamini wangeendelea kukaa kimya? Kile kimya hakisemi saa imeanguka. Kinasema paka kwamba hawakupata hesabu yenye kuwashinda kunyamaza. Kati ya kuanguka na kushangaza dunia, nafasi ni kubwa, na saa iko pahali fulani mule katikati. Kazi yetu ni kutafuta pahali gani.

Sasa bei. Saa ya chini kabisa ilianza na dola 349. Ile ya zahabu ilianza na dola 10 000 mupaka 17 000, lakini ile tuiache, ni ya watu wa kuhesabika. Mwezi wa 8 wa 2015, magazini kubwa ya Marekani yenye kuitwa Best Buy ikaanza kuuzisha ile saa. Mwisho wa mwaka, wakati wa Noeli, Best Buy ikakata dola 100. Kisha mwezi wa 3 wa 2016 Apple mwenyewe akashusha bei ya chini, kutoka 349 mupaka 299.

Mu kichwa cha muchimbaji, bei ikishuka maana ni moja tu. Creuseur anafika ku dépôt ya Musompo na mifuko yake, négociant anaweka Metorex juu ya mawe, anasoma teneur yenye yeye peke yake anaona muzuri, anataja bei ya chini kuliko ya jana, na kama ukiuliza anasema "soko imeanguka". Kwetu, bei ikishuka njo kusema mutu fulani ameumia, na ule mutu ni sisi. Basi tukisikia saa imekatwa dola 50, tunasema: aha, imeanguka.

Lakini angalieni kitu kimoja. Telefone ya kwanza ya ile kompani ilitoka mwisho wa mwezi wa 6 wa 2007. Bei: dola 599. Mu mwezi wa 9, hata miezi 3 haijafika, Steve Jobs akaikata dola 200 kwa mara moja, mupaka 399. Wenye walikuwa wamekwisha kuinunua walikasirika sana, ikaomba awarudishie dola 100 za kununulia vitu mu magazini yake. Mutu mwenye angeandika ile siku kwamba telefone imeanguka, juu bei imekatwa theluthi moja, leo angeficha ile gazeti. Siku chache kisha kukata bei, Apple ilitangaza imekwisha kuuzisha telefone milioni moja mu siku 74. Na mwanzo wa 2016, mu miezi 3 tu, iliuzisha milioni 51.

Kwa hiyo kukata bei kunaweza kuwa na maana tatu ao ine. Inaweza kuwa vitu vimejaa mu dépôt na vinakamata vumbi. Inaweza kuwa namna ya kutengeneza imekuwa rahisi, na kompani inaweza kushusha bei na kubaki na faida ile ile. Inaweza kuwa wale matajiri wa kwanza wamekwisha kununua, sasa wanatafuta watu wa mufuko mudogo. Inaweza kuwa wanasafisha rafu mbele ya saa mupya kufika. Kujua ni maana gani, inaomba kujua vitu viwili: vimebakia vingapi mu dépôt, na nani alilipa ile dola 100, magazini ao mwenye kutengeneza. Vyote viwili havikusemwa. Bei yenye kushuka pasipo hesabu ya vitu ni kama daktari mwenye kukuambia joto yako imepanda, lakini hakuambii ilikuwa ngapi wala imefika ngapi.

Kuko mutego mwengine, na huu njo wenye ninaomba delege yeyote wa sendika aukamate muzuri. Ni tofauti kati ya kutuma na kuuzisha.

Mwezi wa 9 wa 2013, Samsung ya Korea ilionyesha saa yake ku Berlin, Galaxy Gear, dola 299, na ku mwanzo ilikubali kutumika na telefone moja tu kubwa ya Samsung. Kisha miezi 2 habari ikazunguka dunia: wameuzisha saa elfu 800! Watu wakashangaa, maana wenye kuijaribu walikuwa wameisema mubaya. Kisha maelezo yakatoka: ile elfu 800 ni saa zenye zilitumwa ku magazini. Si zenye watu walinunua. Saa inaweza kutoka ku kiwanda, kupanda ndege, kufika ku magazini na kulala pale miezi 6, na mu ile hesabu inaonekana "imetoka".

Sisi watu wa Katanga ya zamani tungepaswa kuwa wa kwanza kuelewa. Kamyo ikipita Kasumbalesa na shaba, imetoka. Lakini imeuzishwa? Inaweza kulala ku njia juma mbili, inaweza kulala ku bandari ya Durban ao Dar es Salaam, inaweza kuingia mu dépôt ya mutu mwenye anangojea bei ipande. Siku ya kuonyesha kazi yake kwa serikali, patron anatumia hesabu ya tani zenye zimetoka ku kiwanda. Siku ya kuzungumuza prime, anatumia hesabu ya zenye zimelipwa. Zote mbili ni za kweli. Anachagua yenye inamufaa.

Sasa twende ku hesabu yenyewe, kwa sababu iko namna ya kuikaribia. Tuchukue ule mustari wa "vitu vingine". Mu miezi ya 1 mupaka ya 3 ya 2015, mbele ya saa kutoka, ule mustari ulikuwa dola miliari 1,69. Mu miezi 3 yenye ilifuata, saa ikiwa imeingia, ukapanda mupaka miliari 2,64. Tofauti ni karibu milioni 950 za dola. Tuseme tofauti yote ni saa. Kama kila saa ni ya bei ya chini, dola 349, tunapata karibu saa milioni 2,7. Kama tunahesabu dola 500 kwa saa moja, juu watu wengi wananunua na mukanda wa bei, tunapata milioni 1,9. Na inaomba kuongeza kidogo, kwa sababu Cook mwenyewe alisema mu ile mezi vitu vingine mu ule mufuko vilikuwa vinashuka, kwa hiyo saa ndiyo ilijaza na shimo yao.

Njia ya pili ni kumukamata patron kwa maneno yake. Mwezi wa 7 wa 2015 Cook alisema saa imeuzika kupita telefone ya kwanza na tablete ya kwanza, mu muda sawa tangu kutoka. Hakutaja hesabu, lakini alisahau ao alijua kwamba hesabu ya ile tablete ya kwanza iko mu magazeti tangu 2010: milioni 2 mu siku zenye hazikufika 60. Tangu tarehe 24 mwezi wa 4 mupaka mwisho wa ile miezi yao 3, ni siku 65 hivi. Basi saa ilipita milioni 2. Njia mbili zenye hazijuane zinafika pahali pamoja: milioni 2 na kitu. Wakati njia mbili zinakutana vile, mutu anaweza kuanza kuamini.

Tena, ile mufano wa Cook iko na ujanja ndani. Tablete ya kwanza ilianza kuuzishwa mu Marekani peke yake, saa ilianza mu inchi 9 siku moja. Na telefone ya kwanza ilikuja wakati hakuna mutu mwenye alikuwa na kitu cha vile. Saa ilikuja wakati mamia ya milioni ya watu wamekwisha kuwa na telefone ya Apple mu mufuko, na bila ile telefone saa ilikuwa haitumike muzuri. Kulinganisha ule mutoto mwenye alianza mbio pasipo viatu na huyu mwenye wazazi walimubeba nusu ya njia, ni kweli wote wamefika, lakini haiko mashindano sawa.

Wenye kusema imeanguka nao wako na karatasi yao. Mu ule mwezi wa 7, Slice Intelligence ya Marekani, yenye ilikuwa inahesabu risiti zenye watu wanapokea mu barua za intaneti, ilisema mauzo ya kila siku yameshuka karibu asilimia 90 kulinganisha na juma ya kwanza. Magazeti yakaikimbilia. Lakini juma ya kwanza ni juma ya wenye walikuwa wanangojea tangu miezi. Ku kila kitu kipya, ile juma ni kilima, na kisha kilima mutu anashuka. Tena zile risiti ni za Marekani na za wenye kununua ku intaneti, hazioni mutu mwenye ameingia mu magazini na feza mukononi. Ile karatasi ilipima kitu cha kweli, kisha watu wakaifanya iseme kitu kingine.

Ku mwisho wa mwaka, IDC, moja ya zile ofisi zenye kuhesabu soko ya dunia, ilikadiria saa za Apple zenye zilitumwa mu 2015 ni karibu milioni 11,6. Zenye zilitumwa, mumesikia? Wasomaji wa huu ukurasa sasa wanajua kuuliza. Mustari wa "vitu vingine" wa miezi ya mwisho ya 2015 ulikuwa miliari 4,35. Mwaka mbele, bila saa, ulikuwa 2,69. Na mu miezi 3 yenye walisoma mu mwezi wa 4 wa 2016, 2,19, kulinganisha na ile 1,69 ya 2015. Umepanda asilimia 30, lakini umepanda kutoka ku wakati wenye saa haikuwako kabisa. Ni dola nusu miliari, na mule ndani kuko pia Apple TV mupya na kalamu ya tablete.

Hukumu yangu njo hii. Saa haikuanguka. Kitu chenye kuuzika milioni nyingi mu mwaka wa kwanza, kwa bei ya dola 349, hakuna mutengenezaji mwengine wa saa za vile mwenye alikuwa amefika pale. Lakini haiko telefone mupya, na wenye walisema itakuwa telefone mupya walikuwa wanauzisha ndoto. Mauzo yake ya mwaka wa kwanza yalijaa mu Noeli, kisha yakashuka sana, na ile bei ya 299 inaonyesha kwamba wanatafuta wanunuzi wenye hawakuja kwa 349. Ni biashara muzuri mu kompani yenye kuwa kubwa sana mupaka biashara muzuri inaonekana ndogo. Ile kompani, mu miezi 3 ya kwanza ya 2016, iliingiza miliari 50,6, na watu walilia juu mwaka mbele ilikuwa 58. Ilikuwa mara ya kwanza inashuka tangu 2003. Na kilichoshusha haiko saa: ni telefone, kutoka milioni 61,2 mupaka 51,2.

Hapa njo tunarudi ku mashimo yetu, na ninaomba mukamate bic.

Betri ya ile saa ndogo ni ya 0,78 Wh. Ya iPhone 6 ni karibu 6,9. Ndani ya saa moja kobalti ni karibu gramu moja. Kwa saa zote za 2015, kama IDC imesema kweli, ni karibu tani 12 za kobalti safi. Kamyo moja ya Kasumbalesa inabeba karibu tani 30. Najua watu wa usine watanisahihisha: kobalti yetu haitoke safi, inatoka poda ya hydroxyde, na uzito wa ile poda unapita mara tatu. Sawa. Basi ni kamyo moja na nusu. Saa zote za mwaka muzima, kelele yote ya magazeti, ni kamyo moja na nusu ku barabara ya Likasi. Mu 2015 Kongo ilitoa zaidi ya tani elfu 60 za kobalti.

Telefone iko na karibu mara 9 ya kobalti ya saa. Zile telefone milioni 10 zenye zilikosekana mu ile miezi 3, kama ningekuwa ninapaswa kuogopa, ningeogopa zile, maana peke yao zinapita saa zote za mwaka muzima mara 7 ao 8. Na hata ile, ku tani zote za inchi, ni kidogo. Kwa hiyo, ndugu muchimbaji, siku patron atakuambia "saa na telefone haziuziki ku Ulaya na Marekani, njo maana tunakata prime", umuombe akuonyeshe kamyo ngapi.

Haiko mazungumuzo ya mbali. Bei ya shaba ilipita dola 10 000 kwa tani mwanzo wa 2011. Mwezi wa 1 wa 2016 ilishuka chini ya 4500. Mwezi wa 9 wa 2015 Glencore ilitangaza inasimamisha uzalishaji wa KCC ku Kolwezi kwa miezi 18, na sababu yenye ilitoa ni bei. Bei ya shaba kila mutu anaiona, inatangazwa ku London kila siku ya kazi. Ile hatuikatae. Lakini kisha ile bei ya kweli kuonekana, kila kompani ndogo, kila sous-traitant, kila mwenye kuajiri walinzi na wapishi wa kantini, alipata neno la kusema: "soko". Soko ya shaba, soko ya kobalti, soko ya telefone, soko ya saa, vyote vikawa neno moja. Na mu neno moja vile, hakuna mutu mwenye anaweza kuhesabu.

Miaka michache iliyopita, mu kompani moja yenye sitataja jina, tuliitwa kuzungumuza. Muzungumuzaji wa direction akawasha mashine, ku ukuta kukatokea mistari mizuri ya rangi, inashuka kama ngazi. Delege moja, mutu wa foreuse, hakusoma sana, akainua mukono: "Patron, ku kando ya hii mistari, namba ziko wapi?" Hakukuwa namba. Mistari ilikuwa inashuka, lakini kutoka ngapi mupaka ngapi, hakuna. Wakasema ni siri ya biashara. Tulipewa kahawa. Ile mwaka prime haikutoka.

Siri ya biashara iko, siikatae. Patron hawezi kuonyesha mushindani wake bei yenye ananunua asidi. Lakini siri haiwezi kuwa mulango wenye kufunguka upande moja tu, siku ya milioni 13 wazi, siku ya prime umefungwa. Na inchi yetu haiko bila silaha. Code du travail ya 2002 inalazimisha mwenye kutaka kufukuza watu juu ya sababu za uchumi ajulishe délégation kwa maandishi mbele ya kufanya. Kongo iko mu ITIE, na raporti zake zinaonyesha kompani kwa kompani feza zenye zimelipa serikali. Décret ya mwezi wa 5 wa 2011 inasema mikataba ya machimbo itangazwe. Wangapi kati yetu tumekwisha kufungua raporti moja ya ITIE? Iko mu Kifaransa, ni mukubwa, inachosha. Lakini mustari wa kompani yako uko mule ndani, na ni namba, haiko mistari ya rangi.

Tena siri ya saa iko na upande wa pili, wenye unatuuma zaidi. Mwezi wa 1 wa 2016, Amnesty International na Afrewatch ya hapa Lubumbashi walitoa raporti juu ya kobalti yenye inachimbwa na creuseurs, watoto wakiwa kati yao. Waliuliza kompani 16 zenye majina makubwa, Apple ikiwa ndani, kobalti yenu inatoka wapi. Kufuatana na ile raporti, hakuna hata moja yenye ilitoa maelezo ya kutosha mupaka mutu wa inje aweze kuhakikisha. Mutu mwenye hasemi saa ngapi ameuzisha, hiyo ni kazi yake na wenye hisa wake. Lakini mutu mwenye hawezi kusema mawe ya betri yalitoka mu shimo gani, hiyo ni kazi yetu sisi, maana mu lile shimo iko mutoto wa jirani. Kama ningepewa kuchagua siri moja ya kufungua, nisingefungua ile ya mauzo.

Mu mwezi wa 7 wa 2016 Apple ilikuwa inapaswa kusoma tena hesabu zake. Ule mustari wa "vitu vingine" kwa mara ya kwanza ulikuwa unapaswa kulinganishwa na miezi yenye saa ilikuwako, ile miliari 2,64. Kama ungeshuka chini yake, wenye kusema imeanguka wangepata nguvu. Kama ungepita, wale wengine. 

Mbele ya pale, mwezi wa 6, délégations za kompani zaidi ya moja zilikuwa zinapaswa kurudi ku meza. Wenye tulizungumuza nao walikuwa wamekwisha kuandika maulizo yao ku karatasi: tani ngapi zimetoka ku kiwanda, ngapi zimelipwa, ngapi ziko mu dépôt tarehe ya leo, na ku bei gani. Waliomba jibu kwa maandishi, na namba ku kando ya mistari.